Mnyororo wa barabara ya Kandahar

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na kaka yangu tunabishana tangu Idi. Yeye anashikilia kwamba Taliban waliitwaa Afghanistan kwa sababu ya njaa, kwamba mtu akikosa unga humfuata yeyote. Mimi nasema ni dini, watu walidanganywa kwa aya. Nani kati yetu yuko sahihi? Na jambo jingine: Warusi walikaa pale miaka tisa na silaha zao zote wakashindwa. Inakuwaje vijana wa madrasa, wengine ndevu hazijaota, waingie Kabul ndani ya miaka miwili? Wenyeji hawakuona wanachokiingiza nyumbani?" – Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu. Msalimie kaka yako, kisha mwambie amekosea. Ila usimcheke, maana na wewe umekosea.

Nianze na njaa. Afghanistan haikuanza kuwa maskini mwaka 1994. Ilikuwa miongoni mwa nchi fukara kabisa za Asia tangu enzi ya Mfalme Zahir Shah, na mwaka 1971 na 1972 ikapigwa na ukame ulioua watu wengi mno vijijini. Kama njaa ingekuwa inazaa Taliban, wangezaliwa hapo. Kilichotokea ni kwamba Julai 1973, mfalme akiwa Italia, binamu yake Daoud alimpindua na kutangaza jamhuri. Njaa ilikuwa kubwa, na waliofaidika nayo walikuwa watu wa ikulu wenyewe kwa wenyewe.

Sasa dini. Waliotwaa Kabul Aprili 1992 walikuwa mujahidina, wale wapiganaji wa jihadi waliopigana na Warusi. Rais wao, Burhanuddin Rabbani, alisoma Al-Azhar na kufundisha sharia Chuo Kikuu cha Kabul. Hasimu wake mkubwa, Gulbuddin Hekmatyar, alikuwa na chama kilichojengwa juu ya dini kuanzia jina hadi katiba. Nchi yenyewe iliitwa Dola ya Kiislamu. Aya zilikuwepo tele, na kila upande ulikuwa nazo. Kwa hiyo dini peke yake haielezi kwa nini watu waliwaacha hawa wakawapokea wale.

Mimi naanzia barabarani. Historia nyingi za Taliban huanza na madrasa na kuja barabarani baadaye kidogo, na nadhani ndiyo maana watu hawaielewi.

Vita vya Warusi nitavipitia kwa haraka kwa sababu unavijua. Waliingia Desemba 1979, wakatoka Februari 1989, na katikati ya hapo takriban watu milioni tano au sita walikimbilia Pakistan na Iran. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba serikali waliyoiacha nyuma, ya Najibullah, haikuanguka siku hiyo. Ilidumu miaka mitatu zaidi, na ilikufa pale Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, fedha na mafuta vikakatika, na jenerali wake Dostum akahamia upande wa pili. Kabul ilipita vita vile vya Warusi ikiwa bado mji wenye nyumba, mabasi na shule. Wakombozi ndio walioibomoa. Kati ya 1992 na 1995 Hekmatyar aliinyeshea maroketi kutoka milima ya kusini, makundi yakagawana mitaa, na maelfu ya raia wakafa mikononi mwa watu waliokuwa wameapa kuwaokoa.

Huko kusini, Kandahar, haikuwepo hata serikali ya kupigania. Mji ulikatwa vipande kama nyama ya shughuli, kila kamanda na mtaa wake, kila kamanda na kipande chake cha barabara. Na kwenye kila kipande palikuwa na mnyororo.

Sikutumia neno hili kwa mafumbo. Ulikuwa mnyororo wa chuma, umevutwa kutoka upande mmoja wa lami hadi mwingine, na vijana wenye bunduki wamekaa pembeni kivulini. Lori likifika, dereva analipa, mnyororo unashushwa, anaendelea kilomita chache, anakuta mwingine. Kutoka Quetta ya Pakistan hadi Kandahar ni zaidi ya kilomita 200 kidogo tu. Madereva walisimamishwa na vikundi visivyopungua 20 katika safari hiyo moja. Kila kikundi kilikuwa na bei yake, na bei yenyewe ilitegemea kamanda ameamkaje.

Fikiria mkulima. Kandahar ni nchi ya zabibu na komamanga, matunda yanayosifika hadi India. Zabibu haisubiri mtu amalize kubishana na mwenye bunduki. Fikiria na abiria: basi likisimamishwa, wanaokaguliwa hawako salama mali wala miili, na waliotekwa pale hawakuwa wanaume tu. Mtu aliyekuwa anaishi kwenye barabara ile hakuwa na haja ya kusomewa hotuba kuhusu uovu wa wakubwa. Alikuwa anaulipia kila siku, taslimu.

Aliyeumia zaidi, na mwenye uwezo wa kufanya jambo, alikuwa tajiri wa malori. Hapa inabidi nikupeleke bandarini kidogo. Afghanistan haina bahari. Kwa mkataba uliofanywa na Pakistan mwaka 1965, mizigo yake hushukia Karachi bila kulipiwa ushuru, inapakiwa kwenye malori na kuvuka mpaka. Sehemu kubwa ya mizigo hiyo ilikuwa inavuka mpaka, inageuza, na kurudi Pakistan kwa njia za panya kuuzwa kwenye masoko ya magendo: televisheni, matairi, vitambaa. Watu walitajirika sana Quetta, na Chaman pale mpakani, kwa kazi hii. Baada ya 1991, nchi za Asia ya Kati zilipopata uhuru, wakaona soko jipya kabisa upande wa pili: Turkmenistan, Uzbekistan. Njia ya kupitia Kabul ilifungwa na vita. Iliyobaki ilikuwa Quetta, Kandahar, Herat, hadi mpakani. Na njia hiyo ilikuwa na minyororo.

Serikali ya Pakistan, ya Benazir Bhutto huko Islamabad, iliitaka njia hiyohiyo. Waziri wake wa mambo ya ndani, Naseerullah Babar, jenerali mstaafu aliyewajua Waafghani tangu miaka ya sabini, ndiye aliyeibeba hoja ya kuifungua. Kwa miaka mingi Pakistan ilikuwa imemtegemea Hekmatyar. Kufikia 1994 ilikuwa wazi kwamba Hekmatyar anaweza kuubomoa mji lakini hawezi kuutwaa.

Hapo ndipo anapoingia Mullah Omar. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, imamu wa kijiji cha Sangesar, jicho moja lilitoka vitani. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni kwamba masika ya 1994 majirani walimletea habari za wasichana wawili waliotekwa na kamanda na kupelekwa kambini. Akakusanya wanafunzi kama 30, bunduki 16 kati yao, wakaivamia kambi, wakawatoa wasichana, wakamtundika kamanda kwenye mtutu wa kifaru. Kila kundi lina hadithi yake ya kuzaliwa na hii ni ya kwao, basi uipokee kwa kipimo hicho. Mimi nairudia kwa sababu moja: haina neno juu ya dola, wala juu ya Marekani, wala ndevu. Inazungumzia kamanda na mnyororo wake, na ndiyo iliyosafiri kijiji hadi kijiji.

Walijiita wanafunzi. Hilo kwetu pwani halihitaji mkalimani: tuna akina Twalib kila mtaa, na taliban ni wingi wake kwa Kipashto. Jina lilikuwa na maana kubwa kwa sababu lilisema wao si nani. Hawakuwa mujahidina. Neno mujahidina, lililokuwa la heshima miaka kumi nyuma, lilikuwa limeshachafuka kabisa.

Oktoba 12, mwaka 1994, wapiganaji kama 200 walikishambulia kituo cha mpakani cha Spin Boldak, kilichoshikwa na watu wa Hekmatyar. Mapigano yalikuwa mafupi. Kisha wakachukua ghala la silaha lililokuwa karibu, na humo mkawa na bunduki za Kalashnikov zipatazo 18,000. Kutoka hapo hawakuwa tena wanafunzi wenye bunduki za kuazimana.

Mwishoni mwa mwezi huo Pakistan ikapeleka msafara wa majaribio: malori 30 kutoka Quetta, yakielekea Turkmenistan. Yalipokaribia Kandahar makamanda wakayazuia. Walitaka fedha, walitaka sehemu ya mzigo, walitaka Pakistan iache kuwasaidia vijana wa Taliban. Novemba 3 Taliban wakaja, wakawatawanya makamanda, wakamfukuza mmoja wao hadi jangwani, wakamuua na kumtundika kwenye mtutu wa kifaru watu waone. Jioni ileile wakageukia Kandahar. Siku mbili zikatosha. Kamanda mwenye nguvu kuliko wote mjini, Mullah Naqib, alikuwa na watu wapatao 2,500, naye hakupigana. Mji wa pili kwa ukubwa Afghanistan ukaanguka, na waliokufa walihesabika kwa makumi.

Sasa angalia walichofanya siku zilizofuata. Waliing'oa minyororo. Wakakusanya silaha za kila mtu. Wakaweka ushuru mmoja, unalipwa mara moja pale Spin Boldak, na barabara wakailinda wenyewe. Desemba malori 50 yaliyobeba pamba kutoka Turkmenistan yakaingia Quetta, yakiwa yamelipa jumla ya rupia 200,000 njia nzima. Matajiri wa malori hawakuhitaji hesabu ndefu. Machi 1995 Taliban walipokuja kuchangisha fedha za vita, siku moja pale Chaman walipewa rupia milioni sita, na kesho yake Quetta mara mbili ya hizo. Hao hawakuwa watu wenye njaa, na wala sidhani kama wote walikuwa wacha Mungu. Walikuwa wafanyabiashara wanaolipia ulinzi.

Kwa hiyo kuhusu swali la Warusi: usilinganishe. Warusi walikuja kuiondoa mamlaka ya kijiji. Taliban walikuja mahali ambapo mamlaka ilikuwa imeshaondoka, na waliokuwa wamekalia kiti walichukiwa. Miji mingi ya kusini haikutekwa kwa vita. Ulitangulia ujumbe kwa kamanda: jiunge nasi, au ondoka, au chukua fedha uende zako. Wapiganaji wake mwenyewe walikuwa wameshaanza kumtoroka. Ndani ya miezi mitatu kumi na mbili kati ya mikoa thelathini na kitu ilikuwa mikononi mwao, mingi yake bila jasho.

Hapa ndipo dini yako inapoingia, na usikasirike nikiiweka mahali pake. Mahakama hazikuwepo. Polisi hawakuwepo. Sheria ya serikali ilikuwa karatasi. Kitu pekee ambacho mkulima wa Helmand na mwenye lori wa Chaman walikubaliana kuwa ni sheria kilikuwa sharia, na mtu pekee aliyeaminika kuitamka bila kuomba hongo alikuwa mullah wa kijiji. Waliyoiita sharia ilikuwa imechanganyika na mila za Wapashtuni, kabila kubwa la kusini, hadi wanazuoni wa Cairo waliishangaa, lakini mkulima hakuwa anashangaa. Alikuwa anahesabu komamanga zilizofika sokoni.

Na njaa ya kaka yako nayo ina mahali pake. Iliwapa Taliban askari. Kambi za wakimbizi kando ya mpaka wa Pakistan zilijaa mayatima na watoto wa watu wasio na kitu, na madrasa zilitoa vitu vitatu ambavyo hakuna mwingine aliyevitoa: chakula, pa kulala na kusoma, vyote bure. Madrasa hizo ziliongezeka sana Zia-ul-Haq alipotawala Pakistan, zikajengwa kwa fedha za zaka na za Ghuba, na nyingi zilifuata mkondo wa Deoband, ulioanzia India mwaka 1866 kama harakati ya wanazuoni, ila walimu wa kambini wengi wao walikuwa na elimu ndogo. Kijana aliyekulia humo hakuijua nchi ya babu yake. Hakujua kulima, hakujua majina ya milima, hakuwahi kukaa nyumba moja na dada au shangazi. Kufikia Desemba 1994 walikuwa wameshamiminika Kandahar maelfu, wakijazana kwenye magari. Kila Taliban walipopigwa, zilipatikana shule za kufungwa ili vijana wapelekwe mbele. Mtu mwenye njaa anaweza kubeba bunduki, hilo nalikubali. Ila aliyemlipia nauli hakuwa na njaa.

Tena, karibu kila mwenye nguvu aliamini kwamba anawatumia. Islamabad ilidhani imepata mlinzi wa barabara. Rabbani, akiwa Kabul, aliwaunga mkono mwanzoni kwa sababu walikuwa wanampiga Hekmatyar, na Februari 1995 walipomfurusha Hekmatyar kutoka ngome yake ya Charasyab, Kabul ilipumua. Wafuasi wa mfalme wa zamani walidhani vijana hawa watafagia uwanja kisha Zahir Shah arudi kutoka Roma. Hamid Karzai, aliyekuja kuwa rais baadaye, alikuwa miongoni mwa waliowaunga mkono siku za mwanzo. Wapashtuni wengi, waliozoea kuona Kabul ikitawaliwa na mmoja wao tangu Ahmad Shah mwaka 1747, isipokuwa miezi michache ya 1929, walikuwa na uchungu kumwona Rabbani, Mtajiki, ikuluni, na walidhani heshima yao inarejeshwa. Kila mmoja aliangalia kile alichokuwa anakitaka na akaacha kuangalia vingine.

Barabara yao haikunyooka moja kwa moja. Machi 1995 Massoud, kamanda wa majeshi ya Rabbani, aliwapiga vibaya nje ya Kabul na kuwarudisha nyuma. Septemba mwaka huo wakaichukua Herat, mji wa Waajemi kwa lugha, na mtawala wake, Ismail Khan, akakimbilia Iran. Herat haikuwakaribisha. Kandahar waliingia kama ndugu, Herat waliingia kama wavamizi, na kutoka hapo hadithi ya mnyororo haikuhitajika tena, kwa kuwa walikuwa na ndege, vifaru na ushuru wa forodha wa pande mbili za nchi.

Aprili 4, 1996, Mullah Omar alipanda juu ya jengo mjini Kandahar akiwa amejifunika joho linaloaminika kuwa la Mtume, lililotunzwa pale kwa vizazi na ambalo halikuwa limetolewa hadharani kwa takriban miaka 60. Chini yake walikusanyika mamullah zaidi ya elfu moja kutoka maeneo ya Kipashtuni. Wakapaza sauti: Amirul-Muuminina, kiongozi wa waumini. Tafakari hapo. Mtu aliyeanza kwa kung'oa mnyororo wa jirani sasa kumpinga kumekuwa ni kumpinga Mungu. Hakuna aliyempigia kura, na kuanzia siku ile hakuna angeweza kumwondoa kwa maneno. Kwangu mimi siku hiyo ina uzito kuliko siku ya Kabul.

Kabul yenyewe ilifuata Septemba. Jalalabad ilianguka tarehe 11, na usiku wa 26 Massoud akaondoa majeshi yake kuelekea kaskazini ili mji usibomolewe tena. Kabla ya alfajiri Taliban walimtoa Najibullah kwenye jengo la Umoja wa Mataifa alikokuwa amejihifadhi tangu 1992, wakamuua, wakamtundika kwenye njia panda ya Ariana. Ndani ya saa 24 wanawake waliamriwa wasiende kazini. Shule za msingi za Kabul zilikuwa zimebebwa na walimu wanawake, kwa hiyo amri iliyowalenga wasichana ikawaacha na wavulana bila mwalimu. Wajane wa vita, waliokuwa maelfu mjini mle, walibaki bila mshahara na bila ruhusa ya kuutafuta.

Uliuliza kama wenyeji hawakuona. Waliona, mwanangu. Tangu Novemba 1994 redio zilisema yaliyokuwa yakitendeka Kandahar: televisheni zimevunjwa, muziki umepigwa marufuku, hata tiara za watoto. Herat shule za wasichana zilifungwa mwaka mzima kabla ya Kabul. Lakini wale waliokuwa na sauti katika makubaliano ya mwaka 1994, makamanda, mamullah, matajiri wa malori, wazee wa koo, walikuwa wanaume wote. Walichonunua ni barabara salama. Bei ililipwa na dada zao, na sijaona kumbukumbu yoyote inayosema dada hao waliulizwa.

Matajiri nao hawakupata mlinzi waliyemtaka. Wakati ule nchi tatu tu ziliwatambua, Pakistan, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Wakulima wa kasumba walitozwa ushuri, sehemu ya kumi ya mavuno, neno lilelile lililotuachia sisi "ushuru", na mwaka 1999 mavuno yakapita tani 4,500. Mgeni mmoja aliyetua Jalalabad Mei 1996 akitokea Sudan, Osama bin Laden, akawa mgeni wa Mullah Omar. Agosti 7, 1998, mabomu yalipolipuka Nairobi na Dar es Salaam na kuua zaidi ya watu 200, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wa ofisi, aliyeyaagiza alikuwa analindwa na vijana walioajiriwa kulinda zabibu.

Kaka yako bila shaka atakutupia la 2021, Taliban walipoitwaa nchi tena: je, na hapo je? Mwambie ilikuwa haraka zaidi. Mji mkuu wa kwanza wa mkoa ulianguka Agosti 6, Kabul Agosti 15. Mengi yalichangia, mkataba wa Doha wa Februari 2020 kati ya Marekani na Taliban kwanza kabisa, na jeshi ambalo sehemu yake ilikuwepo kwenye orodha ya mishahara tu. Lakini muulize pia habari za madereva. Miaka ile ya mwisho ya jamhuri, lori lilipopita vituo vya serikali lilitoa hongo kila kituo, leo hivi, kesho vile. Likifika kwenye kituo cha Taliban lililipa mara moja na kupewa risiti yenye muhuri. Kituo cha mbele dereva aliionyesha, akapita.